Saa ya Barabara ya Kumi na Tano

Baba aliigeuza siku ileile aliyoinunua.
"Mdomo useme tisa, mshale uonyeshe tatu,
nani hapo muongo?"
Akazungusha kigurudumu cha mgongoni
mpaka mshale ukakubaliana na mdomo,
akaitundika juu ya mlango,
akaenda zake kiwandani kupima mkonge.

Sisi watoto tuliona haya.
Mgeni akiingia hutazama juu, hushtuka,
hutazama mkononi mwake.
Mwalimu Semkiwa alitangaza kibarazani
kwamba nyumba hii ina saa yenye wazimu.

Sasa baba yuko udongoni mwaka wa nne,
nami nahesabu marobota,
si ya mkonge, ya sufu,
ya kondoo nisiowaona, walionyolewa
nyuma ya mji uitwao Montevideo.
Mama huuita Monte,
kama anamwita mtoto wa jirani aje kula.

Wiki ya kwanza nilihesabu kwa vidole:
toa sita, rudisha sita.
Nikakosa kikao. Nikawahi kingine usiku wa manane kwao,
nikakaa peke yangu mbele ya kioo, nimejitanda mtandio mpya.
Jumanne nikainua macho kutafuta panya darini
nikaiona saa ya baba: tisa kamili.
Na pembeni mwa kompyuta, saa ya Monte:
tisa kamili.
Kwao asubuhi, kwetu alasiri,
tarakimu ileile, dakika kwa dakika.
Nilisimama kama niliyefumania,
sijui nani na nani.

Grasiela ndiye aliyeiona nyuma ya kichwa changu.
"Sawena!" (Zawena hawaliwezi)
"Umetutundikia saa yetu!"
Sura sita zikacheka ndani ya visanduku,
bosi akaweka mkono kifuani.
Nikasema ndiyo, kwa lugha yao.
Neno dogo, halizidi punje ya mtama.
Mama alikuwa anamenya mhogo, kando, wasikomwona.
"Wanacheka nini?"
Nikamwambia.
Kisu kikasimama, kikaendelea.

Jirani husema sina kazi, nalala hadi saa nne.
Tanga, wasema, waja leo waondoka leo.
Mimi naondoka kila siku saa tisa
na sijafika hata Pongwe.
Nafunga saa sita.
Grasiela naye anafunga saa sita,
lakini yeye anabeba kibuyu chake cha majani machungu
anatoka kwenye jua, mtoni, watu wanatembeza mbwa.
Mimi nafungua dirisha:
paka juu ya vichwa vya samaki,
mlinzi wa duka anakohoa,
giza lote la Ngamiani ni langu.
Umeme ukikatika wale sita huzimika pamoja.
Saa haiijui Luku. Yaenda.

Mpaka juzi. Ilisimama usiku, tukiwa kikaoni.
Mama akaleta betri, akapanda kigoda.
"Waulize hao wenzako ni saa ngapi."
Simu ilikuwa kiganjani mwangu, imejaa chaji.
Hakuitaka ya simu.

Nikauliza. Grasiela akashangaa,
"Mbona saa yetu unayo?"
Ndipo nikasema. Kihispania changu cha kuokoteza
kiliniishia katikati: ya baba. Amekufa. Aliigeuza yeye.
Si yenu. Samahani.

Hakuna aliyecheka.
Nilisikia mfereji wa maji jikoni kwake, huko Monte.
Kisha akasoma polepole, kama anayemsomea mtoto barua:
nne, na dakika ishirini na mbili.
Nikamtafsiria mama.
Hapakuwa na cha kutafsiri.

Akazungusha kigurudumu kwa kucha, mshale ukapitiliza.
"Imezidi kidogo," nikasema.
"Iache," akasema mama, akishuka.
"Baba yako alipenda kuwahi."